Asante kwa Lugha Mbili

Mume wangu Oloo alikuwa na maradhi ya kuongea, na hakuna daktari aliyeyaweza. Miaka yote aliyokuwa fundi wa reli pale Kisumu, watu walimjua kwa mdomo kabla ya kumjua kwa kazi. Akipanda basi, mwenzake wa kiti hashuki kabla hajaeleza ni mtoto wa nani, ukoo gani, na shangazi yake kaolewa wapi. Mimi nilizaliwa Mumias, kwa Waluhya, na kwetu mgeni huachwa anywe chai kwanza ndipo aulizwe. Tuligombana kwa ajili hiyo tangu nikiwa bibi harusi, na hakubadilika hata kidogo.

Alipostaafu, mwaka wa sabini na tatu, reli ilimpa tiketi za meli izungukayo ziwa: Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza, kisha nyumbani. Majirani walituonya tusishuke Uganda. Jeshi lilikuwa limeshika nchi, na Waacholi waliokimbilia kwetu walikuwa na habari ambazo mtu hasimulii watoto wakisikia. Oloo akasema yeye si mwanasiasa, yeye ni abiria. Meli ingetia nanga Port Bell asubuhi na kuondoka jioni, na hakuwa tayari kukaa siku nzima akiitazama Kampala kwa mbali kama mtu anayenusa nyama ya jirani.

Basi tukashuka. Nje ya lango la bandari kulikuwa na dereva mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri, amesimama kando ya Peugeot nyeupe iliyokwisha kuchoka.

"Kalibu muzee, kalibu mama," alisema. "Mimi napereka nyinyi kira mahali, halafu naludisha kwa meri."

"Unaitwa nani, ndugu yangu?" Oloo akauliza, hata mlango hajafungua.

"Erinayo."

"Erinayo nani?"

"Erinayo tu, muzee. Inatosha."

Moyoni nikacheka. Hatimaye Oloo kapata mtu wa kumfungia mlango. Huyu ni Muganda, nikajiambia, kwa jinsi alivyozichanganya l na r, na Waganda niliwasikia sana sokoni Kisumu. Nikaketi nyuma na mkoba wangu, Oloo akaketi mbele ili asipitwe na neno.

Mji ulikuwa mzuri na wa kusikitisha. Wahindi walikuwa wamefukuzwa mwaka uliotangulia. Vioo vya maduka vilikuwa vile vile, majina juu ya milango yamepakwa rangi, na ndani kumepangwa viatu vya mguu mmoja mmoja na chupa za mafuta ya nywele. Watu walitembea kwa adabu ya ajabu, kama wanaopita karibu na nyumba yenye mgonjwa. Oloo alitaka kuyaona makaburi ya wafalme wa Buganda kule Kasubi, ile nyumba kubwa ya nyasi aliyoiona kwenye kalenda, kwa hiyo tukashika njia ya huko.

Kwenye mlima gari likaanza kukohoa. Oloo akanigeukia, akaniambia kwa Kijaluo kwamba likifika juu salama atalichinjia kuku. Mimi sikucheka, nimeyazoea. Mabega ya dereva ndiyo yaliyotikisika. Nikamwona kwenye kioo, meno nje, kisha uso wake ukajifunga ghafla kama dirisha.

Oloo naye aliona. Alifurahi kuliko mtoto. Akaanza kumsemesha kwa Kijaluo, wewe ni wetu, kwenu wapi, mbona unajificha. Dereva hakugeuza shingo.

"Muzee, mimi sierewi hiyo," alisema. Baada ya kitambo akaongeza kwa sauti ya chini, "Hiyo lugha acha kwa meri. Hapa watu wanasikia vibaya."

Hapo nikaelewa. Kijaluo chetu na Kiacholi cha kaskazini mwa Uganda ni lugha ndugu, na mwenye kuijua moja huidaka nyingine. Waacholi na Walango ndio waliokuwa wakitafutwa. Walijaa jeshini na polisi zamani, na watawala wapya hawakutaka kuwaona wakipumua. Aliyebaki Kampala alibaki kwa kuazima ulimi wa watu wengine. Nikamfinya Oloo begani, naye akanyamaza, jambo lililoniogopesha zaidi.

Kasubi tulikaa kwa muda mfupi tu. Tulivua viatu, nikakunja miguu kwenye mikeka kama walivyokaa wale akina mama walinzi wa makaburi, tukatazama kule juu kwenye pete za nyasi zilizosukwa. Erinayo alibaki nje na gari lake. Oloo aliuliza maswali mawili matatu bila hamu. Nikamwambia turudi melini, saa zilizobaki tukazilale, naye hakubisha.

Tulipoteremka kufika Nakulabye tukakuta pipa limewekwa katikati ya barabara. Asubuhi halikuwapo. Wanajeshi walikuwa wengi, lakini aliyetujia ni mmoja, mnene, amevaa miwani ya jua.

"Toa vitambulisho. Wote."

Changu alikitupia jicho akakirudisha. Cha dereva vivyo hivyo. Cha Oloo alikisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, na alipoimaliza ile O ya mwisho akarudi kwenye ile ya kwanza.

"O-loo. Wewe Acholi."

"Hapana, afande. Mimi Mjaluo wa Kenya. Abiria wa meli, iko pale Port Bell."

"Hii Kenya mtu nanunua sokoni." Akakipiga kile kitambulisho kwenye kiganja. "Shuka. Sema lugha yako, mimi nasikia."

Oloo akashuka. Mtu wa kuongea bila kuulizwa, sasa kaulizwa na maneno yamemkimbia. Akasema alichokuwa akisema kwa kila mtu tangu nimjue, "Erokamano, omera." Asante, ndugu yangu.

"Omera!" Yule askari aliwageukia wenzake kwa furaha. "Mumesikia? Hiyo omera mimi nasikia kambini miaka mingi. Hiyo Acholi kabisa."

Nilishuka nikaanza kulia na kueleza kwa pamoja. Nilisema reli, nilisema Kisumu, nilisema tiketi, nikaufungua mkoba wangu wote pale barabarani. Tiketi aliziangalia upande mmoja na mwingine, akasema hata Waacholi wanapanda meli. Wenzake wawili walimshika Oloo mikono. Mmoja alikwenda kufungua buti la gari lao. Sisi wa Kisumu tulijua maana ya buti. Anayeingizwa humo, watu wake huendelea kuuliza tu.

Alihitajika mtu mmoja wa kutofautisha Kijaluo na Kiacholi. Mmoja tu, neno moja. Naye alikuwa amekaa pale kwenye usukani, mikono juu ya magoti, anatazama mbele. Sioni haya kusema, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Huyu dereva anajua, muulizeni yeye. Maneno yalikuwa tayari yamepangwa. Sikuwa na ugomvi na Erinayo, lakini mume wangu ni mume wangu, na nilikuwa naona kichogo chake kikiinamishwa.

Oloo aliniona. Tuliishi pamoja muda mrefu mno, alikuwa anajua ninachotaka kusema kabla sijajua mwenyewe. Akaniambia taratibu, kwa lugha ile ile iliyokuwa ikimuua, "Kik iwach."

Usiseme.

Nikayameza maneno. Askari akauliza mzee kasema nini, nikajibu kwamba ananiambia nisilie. Wakaanza kumsukuma.

Mlango wa Peugeot ukafunguka. Erinayo alishuka bila haraka, akaufunga vizuri nyuma yake, kama mtu aliyefika kwake.

"Afande, huyu si Mwacholi."

"Wewe rudi kwa gari."

"Omera wanasema wote, wale na hawa. Lakini hakuna Mwacholi atakayesema erokamano. Kwa asante, Mwacholi anasema apwoyo. Lugha zinakaribiana, lakini ni mbili. Huyu mzee ni Mjaluo wa Kenya, mrudishe kwenye meli."

Nilisikia kila l na kila r ikikaa mahali pake. Kiswahili cha asubuhi kilikuwa kimevuliwa kama koti. Na ile apwoyo aliitamka kwa namna ambayo hata mimi, mtu wa Mumias, nilijua kwamba hakujifunza ukubwani.

Yule mnene alivua miwani. Alikuwa na macho madogo, ya kawaida kabisa.

"Wewe Muganda?"

Erinayo alimtazama tu Oloo, aliyekuwa bado ameshikwa.

"Muganda gani najua Acholi nasema nini?"

Alikuwa ameshasema. Askari akawaashiria wenzake, wakamwachia Oloo, wakamshika yeye. Ilikuwa rahisi vile, kama wanaobadilisha mzigo kwenye bega. Oloo akaingilia, akasema huyu ni dereva wetu, ni mtu mwema, amejifunza lugha kwa abiria, mimi mwenyewe nimemfundisha leo. Alisema uongo wote aliokuwa nao. Askari akamuuliza nani kamuuliza, akampiga kifuani kwa kitako cha bunduki, siyo kwa nguvu sana, Oloo akaangukia magoti. Mimi nilisimama na mkoba uliofunguka. Sikufanya lolote. Hakukuwa na lolote la kufanywa, na nimelitafuta mpaka leo.

Walipomfikisha kwenye buti, Oloo akiwa bado chini alisema neno pekee lililobaki. "Erokamano."

Erinayo aligeuza kichwa. Hakuwa na haja ya kujificha tena, na alijibu kwa sauti ambayo nadhani hakuitumia barabarani kwa muda mrefu.

"Wot maber, muzee."

Safari njema. Kwetu Kisumu husema wuoth maber. Kisha buti likafungwa. Askari mmoja akapanda Peugeot, akaliwasha gari, likakohoa, wakaondoka na magari yote mawili.

Lori la ndizi likatuchukua. Dereva wake hakutuuliza kitu. Tulifika Port Bell meli ikiwa bado imefungwa gatini, abiria wenzetu wanarudi na vikapu na vitambaa vya magome ya miti, mmoja ananiuliza kama tuliwahi kuiona ile nyumba ya nyasi. Nikamwambia tuliiona.

Oloo aliegemea ukingo wa meli, mkono kifuani pale alipopigwa. Nilimwambia tumtafute mtu, tupeleke habari kwake. Lazima kuna mke mahali fulani, Kawempe, Ntinda, popote, ambaye ameweka chakula na anasikiliza gari. Tukiuliza bandarini, madereva wenzake watamjua.

"Tuulize nani?" akasema. "Hapo langoni kuna askari pia. Ukimtafuta mke wake, unawaongoza mlangoni. Na utamtafuta kwa jina gani?"

Tulikuwa na jina moja, la ubatizo, ambalo huenda si lake. Mwanamke huyo naye huenda alikuwa amejifunza kusema balabala na habali, na watoto wake wakikatazwa lugha yao hata usingizini. Wema wowote ambao tungemtendea ungemuua. Nilitaka Oloo anibishie, aanze kumsemesha baharia, apate jina, ukoo, shangazi, kijiji. Alikuwa na uwezo huo, na mimi ningemwacha aongee mpaka Mwanza. Hakufungua mdomo.

Meli ilipoondoka watu walipunga mikono kuelekea nchi kavu. Sisi hatukuwa na wa kumpungia. Mahali fulani nyuma ya vilima vile, mwanamke nisiyemjua jina alikuwa akimsubiri mumewe, na aliyerudi ni wangu mimi, maana yule aliyekuwa arudi kwake jioni ile alikuwa amempa Oloo nafasi yake, na hakuna aliyeruhusiwa kumwambia.