Kiti Kirefu cha Gari la Mkunga

Gereji ya Kobe haikuwa ya kubadilisha oili. Magari yaliyoingia pale yalikuwa yale ya zamani ya kupanda milima na kuvuka mito, yamechakaa hadi milango inafungwa kwa kamba, na yakitoka yalikuwa sebule zenye magurudumu. Kobe aliunda bodi, taratibu kama jina alilobandikwa, na mkewe, Bi Sindano, alishona viti. Wateja walisema mume anajenga nyumba, mke anaitia roho. Bi Sindano hakuwa mtu wa kuvimba kichwa kwa sifa, ila hiyo aliipenda.

Siku moja mkandarasi mmoja, mtu wa simu mbili na haraka nyingi, alileta gari la mama yake.

"Nataka hata mfalme akipanda aone haya," alisema. "Ngozi ya rangi ya maziwa, mbao kwenye dashibodi, friji ndogo, na nyuma viti viwili vya kifahari, kila mtu na chake. Mama amehangaika na hili gari miaka yote ya ukunga wake. Sasa apumzike."

"Mwenyewe anasemaje?" Bi Sindano akauliza.

"Hajui. Nimemwambia linarekebishwa breki."

Bi Sindano alimtazama mumewe. Kobe akalitazama gari. Kazi ni kazi, wakaipokea.

Uongo una miguu mifupi. Asubuhi moja mwanamke mrefu, mkoba kwapani, alisimama mlangoni, akasalimia vizuri, kisha akasema amefuata gari lake, maana hajawahi kuona breki zisizokwisha. Gari lenyewe lilikuwa katikati ya gereji, limebaki fremu na usukani, halina mlango wala kiti. Mkunga alilizunguka. Kobe, ambaye hakuwahi kufanya jambo upesi maishani mwake, aliingia uvunguni mwa gari jingine kama panya.

"Nani amemvua nguo?" mkunga akauliza.

Bi Sindano akamvutia kigoda, akamweleza yote bila kupunguza neno. Mkunga hakukaa.

"Kiti cha nyuma kiko wapi?"

"Kipo, mama. Sijakitupa."

Akafunua turubai pembeni. Kilikuwa kiti kirefu kimoja, kimechanika, sponji inachungulia. Mkunga akajishusha juu yake palepale sakafuni, akakipapasa.

"Wenye uchungu niliwabeba hapa; tukiwahi hospitali, heri," alisema. "Tusipowahi, nilikuwa nasimamisha gari pembeni, nahamia nyuma, mtoto anazaliwa hapa. Na mpaka leo wananigongea mlango usiku, mwanangu. Sasa mwenye uchungu nitamlaza wapi, kwenye friji?"

Bi Sindano alicheka mpaka akashika mbavu, na mkunga naye akashindwa kujizuia. Kutoka uvunguni ikasikika sauti ya Kobe akikohoa ili asicheke.

Mkandarasi alipigiwa simu, akafika anatoka jasho.

"Mama, ni kwa ajili ya mgongo wako."

"Mgongo nimekulalamikia wewe?"

"Hapana. Lakini nakuona ukishuka garini. Unashika mlango kwanza, unangoja kidogo, ndipo unatembea."

Aliyasema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyevunja sahani. Mkunga alidhani hilo la mlango ni siri yake peke yake.

Bi Sindano aliona huo ndio wakati. Akasogeza kiti kipya cha dereva alichokuwa amekimaliza, akamwomba mama akijaribu tu. Mkunga akakaa, akaegemea, akafumba macho mpaka wakadhani amesinzia.

"Hiki," akasema, macho bado yamefumbwa, "hakirudi."

Basi wakagawana. Mbele alishinda mwana: kiti laini, mbao, na ngazi ya kukanyagia aliyoichonga Kobe ili goti la mama lisipate taabu. Nyuma alishinda mama: kiti kirefu kimoja, ngozi inayofutika, rangi ya udongo, kwa sababu maziwa, alisema, ni ya kunywa. Palipopangiwa friji ikakaa droo ya glavu na vitambaa safi. Mkunga akawa anakuja kupima urefu wa kiti, kisha kupima tena kilichokwishapimwa. Bi Sindano, aliyefiwa na mama akiwa bado msichana, alijikuta akiweka chai ya ziada. Siku ambazo mgeni hakutokea, Kobe ndiye aliyeuliza, "Leo mama yetu haji?"

Siku ya kukabidhi, mkunga alikataa kuendeshwa. Alishika usukani, Bi Sindano akaketi kando yake, mkandarasi akatupwa nyuma, wakaelekea barabara ya vumbi yenye mashimo kulijaribu gari. Lilipanda, likashuka, likayumba bila kulalamika. Walipokaribia kurudi, Bi Sindano aligeuka kumuuliza mteja anaionaje kazi. Mkandarasi alikuwa amevua viatu, amejinyoosha kwenye kiti kirefu, anakoroma, simu zote mbili zimeanguka chini.

Bi Sindano akanyoosha mkono amguse.

"Mwache," mkunga akasema kwa sauti ya chini. "Tangu awe mkubwa sijamwona akilala mchana."

Wakafika kwenye geti la gereji, Kobe amesimama anasubiri, anafuta mikono. Mkunga akampungia, akapunguza mwendo, akalipita geti, akarudi barabara ya vumbi kwa mara nyingine, safari hii akiyakwepa mashimo.