Mti wa Mjukuu Wangu na Betri Moja

Mjukuu wangu ni mhandisi, na asubuhi ile alikuja kuchora mti usio na majani juu ya meza yangu ya kulia. Bakuli langu la kunde alilisogeza bila hata hodi.

"Hili shina, umeme umekatika," akasema. "Matawi mawili: jenereta imewaka, jenereta imekataa. Ikikataa, matawi mengine mawili: kengele imelia, kengele imenyamaza. Ikilia, mlinzi anakimbia kuizungusha jenereta kwa mpini. Ikinyamaza, mayai yanapoa."

"Na vifaranga buriani."

Mti ulikuwa wa kiwanda cha kutotolesha vifaranga, nilikofagia maganda miaka kumi na tisa kabla magoti hayajagoma. Saa sita mchana mayai elfu ishirini yalikuwa yaingie kwenye mashine kwa sahihi yake yeye, aliye bado kwenye miezi ya majaribio. Yakiharibika, kazi hana.

"Jenereta hukataa mara kumi katika mia. Kengele nayo kumi katika mia. Ukizidisha, vyote viwili kukataa pamoja ni mara moja tu katika mia."

"Jenereta hukataa kwa nini?"

"Betri kuisha, karibu mara zote."

"Na kengele inakula wapi?"

"Ina betri yake, bibi. Imo kwenye mchoro."

"Mke mwenzangu, mchoro haujawahi kushika ufagio."

Nikamwambia. Fundi wa zamani aliichukua betri ya kengele akaifunga kwenye pikipiki yake, kisha akavuta waya wa kengele mpaka betri ya jenereta. Mimi nilimwona. Akaniziba mdomo kwa trei ya mayai yenye nyufa, kila mwezi.

Kalamu ikamdondoka. "Basi betri ikifa, vinakufa vyote! Si moja katika mia, ni karibu kumi!"

Tukaenda kiwandani mbio, yeye mbio, mimi kwa mwendo wa magoti. Mashine zikiwa bado tupu, akachomoa waya wa betri ya jenereta, akazima umeme. Kengele kimya. Mlinzi kwenye kiti chake aliendelea kumenya chungwa.

"Umeme umekatika," nikamwambia.

"Aa, ungekatika kengele ingelia."

Meneja akaja amefura. "Mayai yako getini, wewe unacheza na swichi?"

"Yasubiri," mjukuu akasema. "Sisaini mpaka kengele ipate betri yake."

Betri ikanunuliwa. Wakajaribu tena: jenereta ikakataa, kengele ikapiga ukelele, mlinzi akaruka, chungwa likabingirika hadi viatuni kwa meneja. Saa nane mjukuu akasaini.

Njiani akanitazama kwa jicho la pembeni. "Bibi, ulinyamaza muda gani?"

"Miaka sita."

"Sita! Na vifaranga wa watu je?"

"Mwanangu, trei ilikuwa inakuja imejaa."