Nabii wa Panda Atafuta Wembe

Ndevu za Symphorien hazikuota kwa sababu ya dini. Ziliota kwa sababu nyembe nzuri zilikuwa zimekwisha mjini Likasi, Kongo.

Alikuwa fundi wa umeme katika karakana za shaba kule Panda, na kwa miaka ishirini hakuwahi kwenda kazini bila kunyoa. Lakini kufikia mwaka 1994 mashine nyingi zilikuwa zimenyamaza, mshahara ulikuwa hadithi, na nyembe zilizoletwa sokoni Kikula zilikwangua shavu moja tu, kisha zikawa butu kama kijiko. Symphorien akaziacha. Ilipofika Pasaka ndevu zake zilikuwa zimegusa kifungo cha pili cha shati, nyeusi pembeni, nyeupe katikati kama maziwa yaliyomwagika. Naye alikuwa mrefu, na njaa ilikuwa imemkondesha, macho yakaingia ndani. Hakujua anafanana na nini.

Alijulishwa barabarani. Siku hiyo alikuwa amebeba mota ya feni begani, akaona mama mmoja anapiga magoti mbele yake, mtoto mgongoni.

"Papa Prophète, uniombee. Bwana yangu alienda kuchimba mawe, mpaka leo haiyarudia."

"Mama, simama. Minye siko prophète. Niko électricien."

"Ata Petro alikuwaka muvuvi," akajibu mama yule, wala hakuinuka.

Watu walianza kusimama kutazama. Symphorien, kwa aibu tu, akamwekea mkono kichwani, akasema, "Mungu akusaidie," akaondoka upesi. Siku ya tatu mume wa yule mama akarudi nyumbani mzima, na siku ya nne kuku mwekundu aliyefungwa miguu aliletwa mlangoni kwa Symphorien.

"Umurudishe," alimwambia mke wake.

Mathilde alimwangalia kuku, akamwangalia mumewe. "Kuku haiko na kosa," akasema, akaenda kuchemsha maji.

Tangu hapo hawakupata amani. Asubuhi watu walipanga mstari kwenye ua: aliyeibiwa baiskeli, aliyekataliwa na wakwe, kijana aliyetaka nabii amguse mikono ili apate jiwe zuri machimboni. Symphorien alikuwa Mkatoliki, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya parokia, na kila alipofungua kinywa kukana, watu walitikisa vichwa kwa heshima: nabii wa kweli hajisifu. Mathilde alicheka mpaka akashika ubavu. Naye Symphorien alicheka wakati mwingine, mpaka siku Julie alipokuja.

Julie alimleta binti yake Bénie, mwenye miaka minne, anayewaka homa na shingo imelegea. Symphorien akamwambia ampeleke mtoto kwa wauguzi haraka. Julie akaketi chini. "Nitangojea maombi kwanza, Papa. Weye njo dawa yetu."

Maneno hayo yalimchoma. Alimnyakua mtoto mikononi mwa mama yake, akaenda naye mbio mpaka kwenye zahanati, Julie anamfuata nyuma analia. Malaria. Waliwahi, na kabla jua halijazama Bénie aliomba chai. Na Julie, badala ya kumshukuru muuguzi, akaja kumbusu Symphorien mikono.

"Basi," Symphorien alimwambia Mathilde walipobaki peke yao. "Siku moja muntu atakufa mu lupango yangu, hapa uani, akingojea hizi ndevu ziseme. Naziondoa."

"Na nini? Kisu ya mihogo?"

Wembe aliupata kwa kazi ya mikono yake. Mzee Cyrille, aliyekuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mzungu, alikuwa na redio iliyokufa. Symphorien akaifufua, na Cyrille, ambaye hakuwa na kitu kingine, akamlipa kwa wembe wa kukunja ambao bosi wake aliusahau bafuni. Mpini wa pembe, chuma kirefu kama kidole cha kati, madoa ya kutu mgongoni. Symphorien akaupenda papo hapo. Wembe mmoja, tena wa maisha! Akaketi uani, akajipaka sabuni ya kufulia kwenye ndevu zile zile ndefu, akakaza macho kwenye kioo, akavuta.

Ukelele wake uliwatoa majirani nje.

Ndipo Delphine alipopita. Huyu alikuwa mwuza samaki, mjane mwenye mabega mapana, anayeleta samaki wa ziwa Tshangalele mlango kwa mlango. Hakuja kuombewa, hakuamini manabii wala mizani ya sokoni. Aliweka beseni lake chini, akauchukua wembe, akaupitisha kwenye ukucha wa dole gumba.

"Papa, hii haiko wembe. Hii iko kijiko. Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Inaonekana." Akamfuta damu kwa kona ya kitenge. "Papa yangu alipooza mukono na muguu. Miaka sita minye njo nilikuwa namunyoa na chuma kama hii, na wembe yangu haikumuua. Muko na mukasi?"

Somo lilichukua wiki nzima, kila Delphine alipomaliza kuuza. Fedha haikuhitajika, alitumia vilivyokuwamo nyumbani. Jiwe laini la kunolea Symphorien alikuwa nalo la karakana. Delphine alimwonyesha kulaza wembe juu ya jiwe lenye maji, mgongo na makali vyote vimegusa, asiinue hata kidogo. Kisha akageuza kikombe cha kauri, akamfanya apitishe makali kwenye duara la chini lisilong'aa, polepole. Mwisho ukafuata mkanda wa suruali wa ngozi, uliofungwa kwenye kitasa cha mlango na kuvutwa ukakaza. Hapo wembe ulikwenda mgongo mbele, makali yakifuata nyuma.

"Ukitanguliza makali, utakata mukaba, na suruali itaanguka," alisema Delphine, na Mathilde aliyekuwa anapepeta unga akaangusha ungo kwa kicheko.

Siku ya nne unywele wa Symphorien ulikatika ulipogusa makali, bila kuvutwa. Alitaka kunyoa hapo hapo. Delphine akakataa, akampa papai bivu.

"Paka sabuni. Toa sabuni. Ukichuna ngozi ya papai, na yako utachuna."

Papai la kwanza lilitoka na makovu kama limepigana. La pili likawa afadhali. La tatu likatoka safi, linang'aa, na Symphorien akalizungusha mbele ya wanawake wale wawili kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Walikula yote matatu.

Jumamosi asubuhi Delphine alimkata ndevu kwa mkasi mpaka zikabaki fupi. Mathilde akaleta maji ya moto na kitambaa. Akamfunika uso mpaka ngozi ikalainika. Sabuni waliipiga povu kwa burashi ya rangi iliyooshwa mara tano. Kisha Symphorien akashika wembe, akaulaza karibu na shavu, akaacha nafasi ndogo tu chini ya mgongo wa wembe.

"Vuta ngozi na mukono ingine," alisema Delphine akishika kioo. "Fuata mandevu kwenye inalala. Kiloko kiloko, polepole. Na usipeleke wembe pembeni, ata siku moja."

Sauti ilitoka kama ya mtu anayetembea juu ya majani makavu. Shavu la kulia likatokea, laini, jeusi, la mtu mwingine kabisa. Symphorien alikuwa anaanza kufurahi, mara nyimbo zikajaza ua mzima.

Alikuwa ni pasteur Elie wa kanisa jipya la Kikula, na nyuma yake waumini wapatao kumi na tano, na Julie kati yao, Bénie mgongoni. Walikuja kumchukua nabii, wamtawaze kesho yake. Wakamkuta na povu upande mmoja.

Nyimbo zikafa. Pasteur Elie akafungua mikono polepole.

"Nusu iko mu giza, nusu iko mu mwangaza," akasema. "Bandugu, ni alama!"

"Amina!" wakaitika.

Symphorien aliona kwamba maneno hayatamsaidia tena. Akiingia ndani kujificha, itakuwa alama. Akikasirika, itakuwa alama. Kwa hiyo aliwageukia, akaketi sawasawa juu ya kiti, akamwomba Mathilde amwongezee povu.

"Mungojee kidogo, bandugu. Namaliza."

Akaanza tena. Shavu la kushoto. Juu ya mdomo, pua ameishika kwa vidole viwili. Kidevu, hapo palipokuwa pagumu, wembe ukamnyofoa kidogo na tone la damu likashuka. Delphine akapabandika kipande cha gazeti. Mwisho shingo, kichwa amekirudisha nyuma, koo liko wazi mbele ya kanisa zima. Akajiosha, akajifuta, akainua uso.

Ulikuwa uso wa kawaida, wenye kishimo kwenye kidevu na masikio makubwa kidogo. Wakautazama. Julie ndiye aliyepiga makofi.

"Kumbe ni fundi Symphorien! Njo alitutengenezeaka courant ya umeme kwa kampi, ile mwaka ya mvua mingi!"

"Njo minye," akasema Symphorien. "Na Bénie, dawa ya muuguzi njo ilimuponyesha. Mukono yangu ilimubeba tu."

Julie akamtazama mtoto, akamtazama fundi, akaitika kwa kichwa. Mtu wa nyuma akacheka. Mwingine akamfuata, na kicheko kikaenda mpaka kikamfikia pasteur Elie, ambaye alijitahidi kukizuia akashindwa. Alijifuta macho, akasogea karibu, akashusha sauti.

"Basi, fundi... haut-parleur yetu, ile spika ya kuhubiria, imenyamaza tangu mwezi wa pili. Ungeweza kuiangalia?"

"Mulete leo," akajibu Symphorien, na kwa mara ya kwanza kwa miezi alijisikia kwamba ameombwa kitu anachokijua.

Siku ya Jumanne ndevu fupi zilikuwa zimeanza kuchoma tena. Symphorien alikuwa ananoa mkandani alipohisi Mathilde amesimama nyuma yake, mikono ya blauzi imekunjwa, sabuni tayari kiganjani.

"Leo minye njo nitakunyoa."

"Umefanya papai?"

"Nilifanya mbili. Hukuwa hapa."

Symphorien aliutazama wembe, akamtazama mke wake aliyeishi naye miaka kumi na tisa, ambaye alikuwa na mambo kadhaa ya zamani ya kumdai. Akampa mpini, akaketi, akafumba macho, akainua kidevu.