Njiwa Asiyejua Kukoma

Kwa jina la Mola aliyewapa ndege anga, naanza. Yassin ndiye mkubwa, Salehe mdogo wake. Wote wa Kirumba, wafugaji wa njiwa wapindukao hewani, na mwaka wa pili sasa hawasalimiani.

Salehe alirusha dume lake mbele ya majirani.

“Wako hupinduka mara tatu akachoka, kama mwenyewe,” alimkejeli kakaye.

“Wako umempata kwa wazazi wapindukaji watupu, bila kuchanganya damu,” alijibu Yassin. “Hajui kukoma.”

Dume lilipinduka mara kumi na moja, likashuka lingali likipinduka, likajibamiza jabalini.

Yassin aliliokota, akamkabidhi mdogo wake. “Katika ugomvi huu, nawe u hivyo hivyo.”

Salehe aliingia ndani, akamfungia mlango.

Mola awahifadhi njiwa waliosalia, na ndugu hawa wawili.