Kipenga cha Bi Vihra

Fomu ya kuomba kazi ya kukata miti, ya Bi Vihra, mkuu wa hifadhi ya msitu, ilikuwa na maswali kumi na manne, na la tisa ndilo lililomkaba Tsanko: je, mwombaji anasikia kipenga? Tsanko hajasikia chochote tangu azaliwe. Ameangusha miti miaka thelathini, na vidole vyote kumi bado anavyo.

"Ni usalama tu," Bi Vihra alimwambia Kalina, binti yake Tsanko aliyekuwa akitafsiri kwa mikono. "Kipenga kikilia, kila mtu anazima msumeno. Asiyesikia ataangukiwa na mti. Mzee tumpe kazi ya kugawa chai."

"Mwambie anitazame mimi, si wewe," mikono ya Tsanko ikajibu. "Na chai anywe mwenyewe."

Wakubwa wa namna hiyo aliwajua. Wenzao ndio waliomwita mkewe Stefka mara tatu kwenye korido ya hospitali, kwa mdomo, na yeye pia kiziwi. Wakaandika kwamba hakufika, naye amekaa palepale kwenye benchi, kashika tumbo. Sasa karatasi ya tangazo la msiba wake ilikuwa imebandikwa langoni kwao mwaka wa pili, imefifia kwa mvua. Na misonobari aliyoipanda Stefka bondeni mwa hifadhi ilikuwa ikisongwa na miti ya kigeni. Tsanko alitaka kuikata hiyo miti yeye mwenyewe.

"Twende kwenye kikosi," akasema kwa mikono.

Bondeni wanaume sita walikuwa wakikata, wamepeana migongo, masikioni wamevaa vikombe vya kuzuia kelele. Ngurumo ya misumeno Tsanko aliipokea kwa nyayo.

"Puliza," akamwonyesha Bi Vihra.

"Nipulize nini?"

"Hicho kinachoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi."

Bi Vihra akapuliza. Akapuliza tena, mashavu yakavimba, uso ukawa mwekundu kama pilipili. Hakuna aliyegeuka.

"Haya," mikono ya Tsanko ikauliza taratibu, "kiziwi hapa ni nani?"

Kalina alitafsiri bila kutia sukari.

Tsanko akatoa mfukoni aproni nyekundu ya Stefka, akaifunga kwenye ufito, akawazunguka akiipunga juu mbele ya kila mmoja. Misumeno ikazimwa mmoja mmoja.

"Kuna nini?" aliuliza Radko, kiongozi wa kikosi, akivua vikombe vyake.

"Bosi amepuliza kipenga," Kalina akasema.

"Lini?"

Tsanko hakungoja wamalize kucheka. Aliwapanga kama viziwi wanavyofanya kazi: kila mtu amwone mwenzake usoni, na hakuna injini inayowashwa mpaka mikono yote iwe juu.

"Nitaandika ripoti," Bi Vihra akasema. "Mwezi ujao tutaona."

"Andika. Mimi nakata leo."

Alichukua msumeno wa akiba, akainua mkono. Mikono sita ikapanda. Tsanko akabaki amesimama, macho kwa Bi Vihra.

"Anakusubiri wewe," Kalina akasema.

"Mimi? Mimi sikati!"

"Umesimama mti utakapoangukia, bibi."

Bi Vihra akarudi nyuma hatua kumi, mbiombio, akainua mkono mpaka usawa wa bega.

Tsanko akatikisa kidole: juu zaidi.

Ulipofika juu ya kichwa, ndipo akavuta kamba ya injini.