Waliobaki Upande wa Kushoto

Ripoti ilitakiwa mezani saa nane, na karani wa takwimu alikuwa hajatia hata chai tumboni. Orodha zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kaya zote zilizoondolewa mtaa ulipobomolewa kupisha barabara. Ya pili, ya waliopewa nyumba mpya. Kazi ilikuwa kuziunganisha kwa namba ya kaya, basi. Mkuu wa kitengo alishampa swali la kuiuliza kompyuta, limeandikwa tayari: abonyeze, achape, aende akale.

Akabonyeza. Majina yakashuka kwenye skrini taratibu, kila kaya na nyumba yake, bila pengo hata moja. Akamtafuta Mama Cherehani, mshonaji wa mtaani kwao aliyekuwa akimpunguzia sare za shule utotoni. Hakuwepo.

Karani alizaliwa mtaa ule, na kompyuta aliijua. Swali la mkuu lilileta tu walioonekana kwenye orodha zote mbili. Asiyekuwemo kwenye ya pili aliachwa nje kimyakimya. Akaliandika upya: leta kila kaya ya orodha ya kushoto, ile ya walioondolewa, iwe imepewa nyumba au la, kisha nionyeshe zile ambazo upande wao wa kulia ni mtupu.

Pangaboi lilizunguka kivivu. Kope zikamlemea, na kwa kitambo akauona uchochoro wa zamani, nguo zikipepea kambani, watu wakipita na magodoro kichwani, hawana haraka, kana kwamba waendako kunajulikana. Alipopepesa macho, skrini ilikuwa imejaa. Kaya mia mbili na kumi na sita. Zote namba zao ziliishia kwa herufi: 12B, 47B, 47C. Wapangaji wa vyumba vya uani. Aliyegawa nyumba alisoma namba, herufi akaziruka.

Alimpelekea mkuu orodha hiyo, naye akaisoma akiwa amesimama. Hakufoka.

“Ripoti inauliza waliopewa,” alisema. “Hawa hawakupewa, kwa hiyo hawahusiki.”

“Lakini walihamishwa, bosi.”

“Futa, dada. Usijitafutie makubwa.”

Karani alimpelekea ripoti kama alivyotaka. Kisha akaichapa ile orodha nyingine, nakala baada ya nakala hadi wino ukaanza kufifia, akashuka nazo hadi dirisha la maulizo. Mama Cherehani alikuwa kwenye benchi, kama kila Alhamisi.

“Shikamoo, mama. Jina lako nimelipata.”

“Marahaba, mwanangu. Kwenye nyumba?”

“Hapana. Kwenye waliorukwa. Wewe ni 47B.”

Mama akaishika karatasi kwa mikono miwili. Akapitisha kidole juu ya jina lake, kisha juu ya nafasi tupu iliyolifuata, polepole, kama anayepima kitambaa.

“Miezi yote hii,” alisema, “wananiambia sikuwahi kuishi pale.”

Akaomba nakala za majirani. Karani akampa zote.

Asubuhi iliyofuata barua ya uhamisho ilikuwa juu ya kiti chake: stoo ya mafaili, kuanzia leo. Akachukua kikombe chake na kushuka ngazi. Nje ya lango foleni ilikuwa imezunguka jengo, kila mtu na nakala ya orodha mkononi, na mkuu wa kitengo amesimama kando ya gari lake akitafuta pa kupita.