Baba Amenitupa Mkono

Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana hupinda popote. Wa Rozina ulipinda siku ya Jumanne, mwezi wa saba mwaka 2021, akiwa amekaa kitandani kwenye chumba chake cha kupanga huko Auburn, na simu sikioni. Nje helikopta ya polisi ilikuwa inazunguka kuhakikisha watu wa magharibi ya Sydney wamekaa ndani kama walivyoambiwa.

Aliyekuwa anazungumza naye ni Mwenyekiti Nehemia wa Minto, kiongozi wa jumuiya ya Watanzania wa upande ule. Mtu mwema kabisa. Kasoro yake ni moja: akishika jambo, halilali.

Shida ya Rozina ilikuwa ada. Alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na alibakiza muhula mmoja. Mwenyeji anayesoma uzamili huomba mkopo wa serikali mtandaoni, akaja kukatwa kwenye mshahara siku akipata kazi. Hata Clarisse, binti wa jirani yake Mkongo, aliyekuja na familia yake kwa viza ya ukimbizi, alikuwa nao. Lakini mwenye viza ya mwanafunzi hana mkopo. Ana baba.

Na baba wa Rozina, Mzee Erasmus wa Arusha, alikuwa amejitahidi mpaka mwisho. Mke alimfia mapema, akamlea binti peke yake kwa kuendesha watalii kwenye Land Cruiser yake mwenyewe. Ugonjwa ulipofunga viwanja vya ndege, watalii waliisha ila ada haikuisha. Muhula mmoja akaulipa kwa akiba, uliofuata akaulipa kwa kuuza gari. Mwezi wa nne akatuma ujumbe wa sauti: "Mama, hapa nimefika ukingoni. Nivumilie kidogo."

Rozina aliusikiliza, akanuna. Ndiyo, akanuna! Mtu mzima, msomi, akamnunia mzazi aliyeuza gari kwa ajili yake. Binadamu tukizoea kubebwa, siku ya kushushwa tunasema tumetupwa.

Sasa chuo chake kilikuwa na mfuko wa msaada kwa wanafunzi wa uzamili kutoka nje. Kulikuwa na kundi la kawaida, lenye foleni ndefu, na kundi la dharura kwa waliofiwa na anayewalipia kwa sababu ya Covid. Rozina aliomba kwenye kundi la kawaida. Hapo tumpe haki yake. Kilichobaki kilikuwa barua ya mtu mzima anayemfahamu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, binti yangu. Habari za lockdown?"

"Tunamshukuru Mungu. Mwenyekiti, naomba unisaidie supporting letter ya chuo. Ni ya bursary. Mambo ya ada yamekwama." Akasita. Kusema baba ameishiwa ni kumvua mzazi nguo mbele za watu. Akatafuta neno la heshima, na ndani ya heshima hiyo akatia na chumvi ya kinyongo chake. "Baba amenitupa mkono."

"Lini, mwanangu?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne! Na wewe umekaa kimya muda wote huo? Ni huu huu ugonjwa?"

"Ndiyo. Huu ugonjwa ndio uliomwangusha."

"Bwana alitoa, Bwana ametwaa," alisema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa imelowa.

Hapo ndipo Rozina alipoelewa. Ukisema mtu amekutupa mkono, huenda amekuacha kwenye shida. Huenda pia amekufa. Maneno ni yale yale, anayesikia ndiye anayechagua, na mwaka ule wa tanzia kila wiki Mwenyekiti alichagua kifo.

Nafasi ya kusahihisha ilikuwepo. "Hapana, Mwenyekiti, baba yu hai." Kuna ugumu gani? Rozina alifungua mdomo aseme hivyo hivyo, akakumbuka lile kundi la dharura, akajikuta anasema, "Asante, Mwenyekiti."

Hakusema uongo, alisema asante tu. Ndivyo alivyojitetea moyoni siku zilizofuata, na kila alipojitetea alizidi kujichukia.

Barua ilikuja siku hiyo hiyo, imeandikwa kwa Kiingereza kizuri cha kiofisi, ikimtaja Mzee Erasmus kama marehemu. Rozina akabadilisha kundi kwenye maombi yake na kuiambatisha. Chuo kilimjibu kwa pole nyingi. Kikasema cheti cha kifo atakileta akikipata, kwa kuwa ofisi nyingi duniani zimefungwa.

Alichosahau ni kwamba Mtanzania hafiwi peke yake. Kesho yake asubuhi, alipofungua WhatsApp ya jumuiya, alikuta neno TANZIA kwa herufi kubwa, jina la baba yake chini yake, na mishumaa. Pole zikamiminika. Namba ya akaunti ya rambirambi ikawekwa, na watu waliopoteza vibarua vyao wakaanza kuandika majina. Ibada ikapangwa Jumamosi kwa Zoom. Rozina aliiweka simu chini ya mto kana kwamba kelele zingepungua.

Alasiri akasikia hodi.

"Roza! Nimeweka chakula hapa chini. Usinikaribie, niko natoka ku kazi."

Alikuwa Kasoki, mama yake Clarisse, wa mlango wa pili; tanzia ilikuwa imeshamfikia hata yeye. Alifanya kazi ya kutunza wazee, na barakoa ilikuwa imemchora mistari mashavuni. Alisimama mbali, kwenye ngazi, akionesha hotpoti kwa kidole.

"Mama Clarisse, usingejisumbua. Naweza kupika."

"Kwa matanga mwenye kufiwa hapikake. Weye lala tu. Miye nitapika mpaka siku ya sala."

Na kweli alipika. Alhamisi alileta tena, na siku hiyo hakuondoka mara moja. Aliketi kwenye ngazi akavua viatu.

"Nikuambie kitu, mwanangu. Mama yangu alikufia mu njia, tukiwa tunakimbia vita. Tulimufukia haraka, tukaendelea. Hatukufanya matanga. Sikupata hata saa ya kumulilia. Halafu jana nikakaa ku jiko, nikamulilia baba yako, nikasikia na mama naye nimemulilia." Akajipangusa kwa mkono wa koti. "Aksanti, Roza. Kilio ya mwenzako inakusaidiaka."

Rozina alirudi ndani na hotpoti, akafungua. Ilikuwa sombe, kisamvu cha kwao, na fufu ya muhogo. Alitaka chakula kimkwame kooni, angalau mwili wake ukatae kile ambacho moyo ulikubali. Lakini sombe ilikuwa tamu, na alikuwa na njaa, na alikula mpaka akapangusa sahani. Kisha akalia. Alijiona mwizi, tena mwizi wa kitu ambacho hata hajui jina lake.

Ijumaa asubuhi chuo kiliandika: maombi yamekubaliwa, ada ya muhula wa mwisho italipwa yote. Rozina aliisoma barua hiyo amesimama. Alikuwa ameisubiri furaha, haikuja. Kilichokuja ni ujumbe wa Mwenyekiti: "Mwanangu, tunaomba picha nzuri ya marehemu kwa ajili ya ibada ya kesho."

Akatafuta kwenye simu. Alipata moja, baba ameegemea Land Cruiser, kofia imekaa upande, anacheka na mtu asiyeonekana. Akaichagua. Kidole kikafika kwenye kitufe cha kutuma na kikagoma. Kunyamaza aliweza. Kuweka mshumaa kando ya kicheko kile hakuweza. Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua, na hapa kilio kilikuwa kimeshaanza, tena cha watu wengi.

Alasiri akampigia baba yake kwa video.

Arusha ilikuwa asubuhi, lakini Mzee Erasmus hakuwa Arusha. Alikuwa Karatu, kwenye usukani wa Fuso ya mtu mwingine, nyuma kumejaa vitunguu.

"Mama! Nilitaka kukupigia mimi. Wiki hii nimepata tripu, na wiki ijayo nyingine. Nikirudi mjini nitakutumia chochote kitakachopatikana. Umekula?"

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unalia?"

Akamweleza. Alieleza ovyo, akianzia mwisho: ibada, picha, tanzia, barua. Mzee alisikiliza, akaivua kofia, halafu akaangua kicheko mpaka simu ikatikisika.

"Kwa hiyo mimi ni marehemu?"

"Baba, nisamehe."

"Na wamenililia?"

"Sana. Mama mmoja Mkongo analia na kupika kila siku."

"Kapika nini?"

"Sombe."

"Maskini mimi! Nimekufa hata sijaionja." Akacheka tena, akajipangusa macho. "Sasa huyo Mwenyekiti wenu alizipata wapi habari za kifo changu?"

"Alinielewa vibaya."

"Ulimwambiaje?"

Rozina aliinamisha uso. Ilimbidi ayatamke mbele ya mwenyewe. "Nilimwambia... baba amenitupa mkono."

"Ahaa!" Mzee akapiga usukani. "Hapo simlaumu. Mtu yeyote angeelewa hivyo." Kicheko kilikuwa bado kipo mdomoni, kisha polepole kikaondoka. Akaitazama simu. "Na wewe, mama? Ulitaka aelewe vipi?"

Rozina akajifunika uso kwa kiganja.

Mzee Erasmus akaivaa kofia yake, akaiweka sawa, akatazama barabara ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Kufa si kosa la mtu," alisema. "Ningekufa, watu wangesema mzee wa watu ametangulia, wangekula sombe yao, wangeondoka. Bora alivyosikia Mwenyekiti wenu."

"Baba..."

"Kula, mama. Usimwage chakula cha watu." Na simu ikakatika.

Rozina alikaa chini sakafuni. Aibu ya jumuiya, aliyokuwa akiiogopa wiki nzima, ilionekana ndogo sasa. Alikuwa amemzika baba yake mara mbili kwa sentensi moja, na maana iliyomuua kweli ni ile aliyoikusudia.

Jioni ile aliandika chuoni, akaeleza yote bila kujitetea. Alijua atapoteza nini, na alikipoteza: msaada ukafutwa, akaambiwa akitaka aombe upya kwenye kundi la kawaida, na shauri lake lingetazamwa. Kisha akampigia Mwenyekiti. Akamweleza naye yote.

"Binti, nimeombea pumziko la milele kwa mtu anayeendesha vitunguu?"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Nisamehe."

"Pesa za watu zitarudi, hilo niachie mimi. Lakini kesho ibada ipo. Utasema mwenyewe, kwa mdomo huo huo."

Usiku hotpoti ilikuwa bado mezani. Asubuhi akaiosha, akaenda kuiweka kwenye mlango wa pili, akagonga, akarudi nyuma mpaka kwenye ngazi. Kasoki alipotoka, Rozina alimwambia kabla ya ibada. Mama yule alisikiliza akiwa ameishika hotpoti kwa mikono miwili.

"Unanidanganya mu matanga?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ile kilio yangu yote ilikuwa ya nani?"

"Ya mama yako," Rozina alisema. "Hiyo haikuwa uongo."

Kasoki alimtazama, akafunga mlango. Hakuubamiza.

Jumamosi skrini ikajaa nyuso, wengine wamevaa nguo nyeusi kuanzia kiunoni kwenda juu. Kasoki naye alikuwepo, kwenye kijidirisha cha pembeni, hatabasamu. Mwenyekiti hakuomba. Alisema tu, "Rozina ana neno." Na kabla Rozina hajaanza, kidirisha kipya kikafunguka. Kofia, usukani, magunia ya vitunguu. Rozina alikuwa amemtumia baba kiungo cha mkutano bila kutegemea kwamba angeingia.

"Hamjambo?" Mzee Erasmus akasema.

Mtu mmoja akapiga yowe. Mwingine akaangusha simu. Wapo waliokemea pepo.

Rozina alingoja watulie. Alikuwa ameandaa maelezo marefu, ya kosa lake na chuo na barua, na aliyasema yote, hakuficha kitu. Lakini alipofika mwisho aliona hayatoshi, akaangalia kile kidirisha kimoja tu.

"Baba yangu hajanitupa mkono," alisema. "Hajawahi kunitupa mkono. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Watu wakapumua. Mmoja akaimba haleluya, wawili wakacheka kwa hasira, na wengine wakaanza kuuliza kuhusu michango yao. Wote walisikia kwamba mzee yu hai, na ni kweli yu hai, walikuwa wanamwona.

Kule Karatu Mzee Erasmus alisikia lile lingine. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kisha mkono wake ukaja mbele, mkubwa, ukifunika kioo chote, na kamera ikazimwa.